Mwiba wa sato, tonge la udaga na siku 11 za mama wodini

#1 Jirani wa Mwaloni

Wakuu salama? Hili jambo nimekaa nalo wiki tatu, leo naona nilimwage tu humu. Uzi utakuwa mrefu, asiye na muda apite.

Mama yangu ana miaka 58, kazaliwa kando ya ziwa hapa Mwanza, samaki kaanza kula kabla hajaota meno. Jumapili moja usiku umeme umekatika, tunakula mchemsho wa sato na ugali wa udaga (wa muhogo) kwa tochi ya simu, stori zinaenda, mara mama akanyamaza akashika shingo upande wa kulia. Tukajua tu, mwiba.

Sasa kama nyumba yoyote ya huku kwetu dawa ilikuwa mezani tayari. Shangazi akafinyanga tonge la udaga kama yai la kuku akamwambia meza hivyo hivyo usitafune. La kwanza, la pili, la tatu, mama machozi yanamtoka. Ikaja ndizi mbivu, kikaja kiporo cha wali. Kama nusu saa hivi akasema naona umeshuka, juu hauchomi tena, unachoma huku chini. Jamani tulishangilia! Shangazi akasema si niliwaambia, watu tukaenda kulala.

Jumatatu akafungua genge lake kama kawaida. Jumanne akasema akimeza mate panauma, akapita duka la dawa akapewa vidonge vya kuua bakteria vya siku mbili (mnajua wenyewe jinsi tunavyonunua). Jumatano usiku homa, na sauti ikabadilika, akiongea unadhani ana ugali mdomoni. Alhamisi asubuhi namkuta amekaa kitandani na kikopo mkononi anatemea mate kwa sababu hayamezeki, shingo haigeuki, upande wa kulia pamevimba pamekuwa pa moto. Ndo nikaita bajaji nikiwa na viatu viwili tofauti miguuni.

Kufupisha, tukapita zahanati, tukapewa rufaa, akapigwa eksrei ya shingo kwa ubavu. Dokta akanionyesha kale kanafasi kati ya koo na mifupa ya shingo, akasema hapa panatakiwa pawe pembamba, huyu pamevimba na ndani kuna hewa, na hewa haina kazi hapo. Sitisikani (CT scan) ikauonyesha mwiba wenyewe, kama sentimita mbili na nusu, umelala kwa mshazari, ncha ishatoboa ukuta wa koo, usaha umejikusanya pembeni. Wakamlaza usingizi, wakautoa kwa mdomoni kwa chombo kirefu, halafu wakampasua shingoni kutoa usaha na kumwachia mpira wa kuendelea kuutoa. Chakula akawa anapewa kwa mpira wa puani, uji na supu iliyochujwa, siku 9, sindano asubuhi mchana usiku. Siku ya 10 wakamnywesha dawa ya kuonekana kwenye picha kuangalia kama tundu limeziba, limeziba, siku ya 11 tukarudi nyumbani.

Kilichonifanya niandike ni maneno ya daktari wa masikio pua na koo. Alisema Jumapili ile ile huenda mwiba ulikuwa umechoma pale juu kabisa karibu na tonsili au nyuma ya ulimi, sehemu ambayo mtu mwenye taa na koleo anautoa wewe umekaa kwenye kiti, bila usingizi, unarudi nyumbani. Ile tunayoita "umeshuka" ndo tuliyousukuma hadi mlango wa umio, pale njia ya chakula inapobana kuliko sehemu zote, na kila tonge lililofuata lilikuwa nyundo juu ya msumari.

Mama bado sauti inakwaruza. Naomba kujua waliopitia hili, sauti ilirudi baada ya muda gani?

#2 Baba Chausiku

Pole sana mkuu na mpe pole mama.

Ila tusitishane. Mimi mtoto wa Ukerewe, nimekwamwa na miba sijui mara ngapi, ningu, furu, gogogo na miiba yake ile ya mbavuni, dawa ni tonge na maji mengi. Babu yangu kafa na miaka zaidi ya 90 hajawahi kuona hata mlango wa huyo daktari wa koo. Mama yako ilikuwa bahati mbaya tu, tusije tukafanya kila mwiba oparesheni.

#3 Jirani wa Mwaloni

Baba Chausiku nimekuelewa na hata mimi Jumapili ile ningekujibu hivyo hivyo. Ila wale ambao tonge liliwaua huwezi kuwakuta humu wanachangia uzi.

#4 Tabibu wa Kata

Nimefanya kazi ya utabibu miaka 22, mingi pembeni ya maziwa, Victoria na baadaye Nyasa, miba nimetoa hadi nimeacha kuhesabu. Acha nimjibu Baba Chausiku kwa heshima kwa sababu hoja yake siyo ya kijinga.

Katika vitu vyote watu wanavyomeza kwa bahati mbaya, kama 80 hadi 90 kwa kila 100 vinapita vyenyewe hadi chooni. Vinavyobaki vingi vinatolewa kwa kamera, na vya kupasuliwa ni kama 1 kwa 100 au pungufu. Kwa hiyo kijiji kizima kikimeza tonge, wengi watapona, na tonge litachukua sifa ya kazi ambayo mwili ungeifanya wenyewe. Kamwiba kembamba laini ka furu kanapinda, kanakwenda. Shida ni ule mgumu wenye ncha mbili, wa sangara au wa sato mkubwa. Huo ukikaa kwa kulala kidogo tu, unaposukumwa unazama.

Na kuna kitu kingine kinachodanganya. Mwiba ukishapita unaacha mkwaruzo, na mkwaruzo wa kooni unauma kama mwiba wenyewe, siku moja hadi mbili. Kwa hiyo kuna mtu mwiba umetoka lakini anahisi upo, anaendelea kubugia matonge anajichubua zaidi, na kuna mwingine upo ila umehama anahisi umetoka. Huwezi kujua kwa kuhisi. Kipimo changu nilikuwa namuuliza mgonjwa nyooshea kidole kimoja panapouma. Akionyesha juu ya koo, upande mmoja, pale pale kila akimeza, mara nyingi nikiangalia naukuta. Akionyesha chini karibu na shimo la shingo, nampa rufaa bila kujadili, maana huko taa yangu haifiki.

Eksrei nayo msiiamini sana kwa mwiba wa samaki. Mingi haionekani, ni myembamba mno. Eksrei kusema "hakuna kitu" wakati mtu bado anauma kwa kumeza, siyo ruhusa ya kwenda nyumbani kulala. Sitisikani ndo inaona vizuri.

#5 Kijukuu cha Pemba

Tabibu naomba nikuulize, kwani usaha wa shingoni unaua vipi? Jipu si jipu tu, linapasuliwa?

#6 Tabibu wa Kata

Jipu la mguuni limezungukwa na nyama, linatafuta ngozi litokee. Nyuma ya koo ni tofauti, kuna nafasi inayoteremka moja kwa moja toka shingoni hadi kifuani, kama ngazi ya ghorofa isiyo na mlango. Usaha ukiingia humo unashuka hadi katikati ya mapafu karibu na moyo, na mtu akifika huko hata hospitali kubwa wanahangaika naye. Ndo maana homa + shingo kukaza + maumivu ya kifua baada ya mwiba ni mbio siyo kutembea. Ukibonyeza ngozi ya shingo ukasikia inalia kama unaminya mfuko wa nailoni wenye chumvi, hiyo ni hewa imetoka kwenye tundu, nayo mbio hiyo hiyo.

Kingine ambacho ni nadra lakini nikikisimulia watu hawalali, kifuani umio unapita ubavuni kwa mshipa mkuu wa damu. Mwiba unaweza kukaa siku kadhaa unatafuna taratibu ukuta ule. Mgonjwa anatema damu kidogo, inakata, anasema nimepona, halafu inakuja ya ndoo. Kwa hiyo damu hata kijiko kimoja baada ya mwiba haingojewi kesho.

#7 Mama Mapacha Goba

Nilisema sitachangia, nimeshindwa.

Kwangu haikuwa mwiba, ilikuwa betri, ile ya duara bapa kama sarafu, ilitoka kwenye rimoti ya taa za urembo. Mmoja wa mapacha wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi 4. Sikuona akimeza. Niliona tu ghafla mate yanamtiririka, anakataa uji, anakohoa kidogo, nikasema meno hayo. Dada wa kazi ndo alikuta rimoti imefunguka haina betri yake. Saa 12 jioni tukaanza safari na foleni mnaijua, tumefika saa 2 kasoro. Eksrei ikaonyesha duara, kijana wa zamu akasema mama mtoto kameza sarafu, kama hapumui kwa shida tunaweza kusubiri mpaka asubuhi ipite. Ikatokea nesi mmoja mtu mzima akaivuta picha akaiangalia kwenye mwanga akasema hii sarafu mbona ina pete mbili, pete ndani ya pete, hii betri hii. Yule mama Mungu amuweke. Ndani ya saa moja mtoto yuko chumba cha oparesheni.

Ilikuwa imekaa kama masaa manne kwa kukadiria. Umio ulikuwa mweusi kama umeunguzwa na pasi. Amelishwa kwa mpira wiki sita, hadi leo umio pale umesinyaa kuna kovu, kila baada ya muda tunarudi wanamtanua, nyama hali, ugali nauponda. Na sauti yake ni ya chini kuliko ya pacha mwenzie, nilielezwa mshipa wa fahamu wa sauti uliguswa.

Watu wananiuliza betri ilipasuka? Haikupasuka, ilitoka nzima inang'aa.

#8 Tabibu wa Kata

Pole mno mama. Na hilo la mwisho watu walisome mara mbili.

Betri ya duara haiunguzi kwa kuvuja. Ikikwama mbavu zake mbili zinagusa nyama mbichi yenye mate, umeme unapita, na upande wa hasi mate yanageuka kitu kama kostiki soda, ile ya kupikia sabuni. Masaa 2 tu yanatosha kuleta madhara makubwa. Zile za milimita 20, zilizoandikwa CR2032 na ndugu zake, ndo mbaya zaidi kwa sababu ni pana za kutosha kukwama kwa mtoto na zina volti 3. Hata iliyokwisha nguvu kwenye rimoti bado ina uwezo wa kuunguza koo.

Sarafu ya 200 mtoto akiwa anameza mate vizuri na anapumua daktari anaweza kuamua kuisubiri hadi siku moja. Betri haisubiriwi. Njiani kuelekea hospitali, kama mtoto amezidi mwaka mmoja na bado anameza, na haijapita masaa 12, mpeni asali vijiko viwili vya chai kila dakika 10, hadi mara sita. Asali haiitoi, inapaka ukuta na kupunguza ukali wa ile kostiki. Ila msisimame kutafuta asali, kama haipo twendeni. Chini ya mwaka mmoja asali hapana. Na msimtapishe.

Ikishatolewa pia hamjamaliza, kuungua kunaendelea siku na wiki baadaye, mtoto akitapika damu wiki ya pili ni dharura upya.

#9 Mvita Asili

Hebu na sisi wa Pwani ya Kenya tuseme letu. Huku tuna mwatiko, wale wafugao kwenye mabwawa huko Kilifi wanamjua, samaki mtamu wallahi lakini ana miba kama sindano za fundi, hata ukiwa na macho manne. Bibi yangu alikuwa hampi mtoto mwatiko mpaka aweze kuhesabu miba mdomoni kwa ulimi.

Lakini lililonileta ni pini. Wanawake wa huku na Unguja tuna mtindo wa kufunga mtandio mbele ya kioo, pini mdomoni, huku twapiga soga. Binamu yangu alicheka tu, mara pini haipo. Haikushuka tumboni, iliingia njia ya pumzi, ikaonekana kwenye picha imesimama upande wa pafu la kulia. Alikohoa dakika mbili halafu akatulia kabisa, ndiyo maana mamake akasema imeyayuka. Pini iyayuke vipi yakhe? Ilitolewa kwa kamera baada ya siku tatu. Daktari alisema hawa wa pini za mtandio ni wengi tu katika nchi za Kiislamu, hata wana jina lao vitabuni. Mafundi cherehani na maseremala wa misumari mdomoni nanyi mwajijua.

#10 Mzee wa Soda

Jamani si mnywe tu kola baridi iyeyushe? Au siki? Ndimu? Mbona mnakimbilia visu 😂

#11 Mbongo wa Reading

Mzee wa Soda hiyo imepimwa kabisa. Waholanzi walitoa utafiti 2023 kwa watu waliokwamwa na chakula, nyama zaidi, nusu wakapewa kola nusu wakasubiri bila kitu, matokeo yakawa sawasawa. Na hiyo ni nyama, mwiba ndo kabisa. Siki ya kulainisha mfupa unatakiwa uuloweke masaa na masaa, wewe unaipitisha kooni sekunde mbili, unachochoma ni kidonda.

Mimi niko Uingereza nafanya kazi za kutunza wazee, huku shida kubwa ni meno ya bandia. Mwaka 2019 iliandikwa kesi ya mzee wa miaka 72 alifanyiwa oparesheni ya tumbo, akaamka koo linauma, anatema damu, hamezi. Akarudi hospitali akaambiwa ni maumivu tu ya mpira wa kupumulia aliowekewa kooni, akapewa dawa ya kusukutua na antibayotiki, akarudi tena, ndo wakachungulia wakakuta meno yake ya bandia yamekaa kooni siku 8! Hakuna aliyemuuliza kama ana meno ya kuvua. Na ile plastiki ya waridi haionekani kwenye eksrei, mkibahatika mnaona waya tu. Wenye wazazi wenye meno ya vipande vya waya wayavue usiku na kabla ya oparesheni yoyote semeni wenyewe msisubiri kuulizwa.

Kuna na ile ya mzee kukatiwa kidonge kimoja kimoja na mkasi kikiwa na karatasi yake ngumu, anakimeza na karatasi. Zile kona zinakata kama wembe. Nimeiona mara mbili kwa macho yangu.

Na Baba Chausiku, mwiba haumjui tajiri, mama yake Malkia Elizabeth alikwamwa na mwiba wa samaki 1982 akapelekwa hospitali ukatolewa kwa oparesheni, na alikuwa mvuvi hodari wa salmoni mwenyewe.

#12 Baba Chausiku

Hahaha sasa hao wana madaktari mlangoni, sisi mpaka mtumbwi. Mtu wa kisiwani saa 3 usiku ziwa limechafuka unamwambia aende kwa daktari wa koo, wapi? Tonge siyo ujinga, tonge ndo hospitali iliyokuwepo.

#13 Tabibu wa Kata

Hapo umesema kweli na sina jibu tamu. Ninachoweza kusema ni kwamba kukaa bila kufanya kitu hadi asubuhi ni salama kuliko tonge. Mwiba uliotulia usiku mmoja mara nyingi haujaharibu kitu. Uliosukumwa usiku mmoja umeshaingia. Funga kula, maji kwa funda dogo dogo kama yanapita, mpanue mdomo mchungulie na tochi mkiminya ulimi kwa mpini wa kijiko, mkiuona umetokeza na kibano chenu ni safi uvuteni, msipouona msiingize vidole. Mtumbwi wa kwanza alfajiri. Ila anayeshindwa mate, anayepumua kwa shida au kutema damu huyo hata ziwa lichafuke mtafute mtu mwenye injini.

#14 Nshomile Mdogo

Mimi niipeleke hii mada kidogo kando, ila inahusu. KIMEO, kale kanyama kanakoning'inia nyuma ya mdomo. Mdogo wangu alikohoa miezi miwili, akiwa na miaka 3, usiku anakoroma kama ana filimbi kifuani. Jirani akasema kimeo kirefu kinamgusa koo, akaletwa mzee akakikata kwa kile kichuma chake chenye kitanzi, damu iliyotoka siku ile sitaisahau, kitambaa chekundu chote. Kikohozi kikaendelea vile vile!! Mwezi uliofuata ndo daktari akamsikiliza kifua akasema huku pumzi inaingia, huku haiingii, huyu mtoto kuna kitu alipaliwa. Mama akafikiri wee ndo akakumbuka siku alipaliwa akila mahindi ya kuchoma akapigwa mgongoni akatulia. Punje ya mahindi. Ilikuwa imevimba imeanza kuoza, pafu la upande ule lina nimonia. Walitoa punje na kikohozi kikaisha wiki ile. Kimeo chake cha watu kilikatwa bure.

#15 Kijukuu cha Pemba

Aisee. Kwa hiyo kupaliwa kukikata ghafla siyo kupona?

#16 Tabibu wa Kata

Mara nyingine kitu kimeshuka tu chini zaidi, njia ya hewa imezoea. Kikohozi cha mtoto kilichoanza siku fulani saa fulani, anakula au anacheza, ni cha kutafutwa chanzo, na kimeo hakihusiki.

Ila tusichanganye, anayekabwa sasa hivi hawezi kulia wala kukohoa huyo hangoji rufaa, mtu mzima piga mgongoni katikati ya mabega mara 5, ikishindikana msimamie nyuma umzungushie mikono juu ya kitovu uvute ndani na juu mara 5, badilisha hivyo hivyo. Mtoto chini ya mwaka usimbane tumbo, mlaze kichwa chini piga mgongo mara 5 kisha mgeuze bonyeza kifua mara 5. Mwiba ni jambo jingine, mwenye mwiba anaongea, anapumua, msimpige pige.

#17 Zawadi K_22

Samahani nimeusoma uzi wote kwa sababu ya shida yangu. Niko Musoma. Nimekula sato wa kukaanga saa moja na nusu mwiba umenikaa, nimeshameza matonge mawili kabla sijaingia humu, nikaona huu uzi nikaacha la tatu mkononi. Unachoma juu kushoto. Napumua vizuri. Nifanyeje?

#18 Tabibu wa Kata

Weka hilo tonge chini. Mate yanamezeka? Kuna damu? Nyooshea kidole panapouma niambie.

#19 Zawadi K_22

Yanamezeka ila panachoma pale pale kila nikimeza. Damu hakuna. Ni chini ya taya kidogo, kushoto.

#20 Tabibu wa Kata

Usile kitu tena, hata maji acha kama unaenda sasa hivi, wakihitaji kukulaza usingizi tumbo liwe tupu. Hospitali ya mkoa ipo hapo hapo mjini, nenda dirisha la dharura sema mwiba umekwama kushoto juu saa moja na nusu, na uwaambie ukweli kuhusu matonge. Wakisema eksrei haina kitu na bado unachoma waombe wachungulie kwa kioo au kamera.

#21 Jirani wa Mwaloni

Zawadi nenda dada yangu. Mama yupo hapa pembeni namsomea, anasema nenda.

#22 Mama Mapacha Goba

Twakusubiri. Usizime simu.

#23 Baba Chausiku

Nenda binti. Boda ikikusumbua bei nitumie namba nikutumie nauli, siyo utani.

#24 Zawadi K_22

Nimerudi wapendwa, saa 5 kasoro. Daktari kijana tu kanipulizia dawa ya ganzi kooni, chungu hiyo, akashika ulimi wangu kwa kitambaa, taa kichwani, akasema usiteme usiteme nikatapika kidogo, akasema tulia, haijafika dakika tano akanionyesha kwenye koleo. Kamwiba kama kucha ya mtoto! Ulikuwa umejichomeka kwenye tonsili. Kaniambia tonge la tatu lingeweza kuuvunja ukabaki nusu ndani. Bodaboda kwenda na kurudi imekula hela nyingi kuliko matibabu. Nakula uji baridi tu kesho.

#25 Tabibu wa Kata

Safi sana. Kaa siku mbili ukijiangalia, ukiona homa au uvimbe urudi hospitali. Mkwaruzo utauma hadi keshokutwa usihangaike.

Jirani wa Mwaloni sijakujibu swali lako la mwanzo, samahani. Sauti baada ya uvimbe ule na mpira wa puani mara nyingi inarudi yenyewe ndani ya wiki kadhaa. Ikifika wiki sita bado inakwaruza arudi wamchungulie nyuzi za sauti kama zote mbili zinacheza.

#26 Jirani wa Mwaloni

Ahsante mkuu, wiki sita ni mwisho wa mwezi huu, nishaandika kwenye kalenda ya genge. Jana kaanza kuita wateja kwa sauti, kama redio yenye betri dhaifu lakini wanasikia. Samaki kakataa kuacha, kasema nimletee sangara wa minofu asiye na mwiba na umeme uwepo. Shangazi naye siku hizi akimwona mtu anakula anamwashia tochi usoni.

Zawadi, mama anauliza sato wa kwako alikuwa wa kilo ngapi.

#27 Zawadi K_22

Mwambie hajafika hata kilo. Nusu na robo. Na kichwa bado kipo kwenye sufuria.